Chumvi Chini ya Kitufe

Mkinikuta leo nimekaa barazani nikichambua maharagwe, mtadhani sijafanya kazi nyingine maishani. Mikono hii ilikuwa ya fundi. Nilianzia Bungoma nikitengeneza redio, nikahamia Kitale, na huko nikajikuta natengeneza zaidi vitu vya kuchezea vya watoto wa watu. Mteja mgeni alikuwa akiingia dukani, ananipita kwa macho, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Nilimwambia ameenda chai, nikamwacha angoje kidogo. Kisha nilivaa miwani, nikamwambia fundi amerudi. Wengine walicheka. Wengine walibeba redio zao wakaenda kwa mwanamume wa jirani, na wengi wa hao niliwaona tena, redio ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, vipande vipande.

Nimeamua kuwaandikia kwa sababu ya mjukuu wangu. Juzi aliniletea kimashine chake cha gemu kimekufa. Nilikigeuza huku na huku nikitafuta skrubu. Hakuna. Kimebandikwa kwa gundi kuanzia juu mpaka chini. Nikamwambia, "Huyu alizaliwa ameshazikwa." Akasema, "Si ni kununua tu ingine, Kukhu." Kukhu ndiyo bibi kwetu. Sikumjibu vizuri siku hiyo, kwa hiyo namjibu hapa, na ninyi wenzake msikilize.

Kitu cha kuchezea kinachodumu ni kile kinachofunguka. Mkitaka kununua, kigeuzeni kwanza, mwangalie mgongo wake kabla ya uso. Uso ni wa kuuzia. Mgongoni ndiko utakakojua kama aliyekiunda alifikiri kuna siku kitaharibika na kuna mtu atataka kukiokoa. Gari la waya ambalo kijana wa kijijini alijiundia lilikuwa linaishi miaka kwa sababu hiyo tu. Likipinda, lilinyooshwa kwa jiwe. Magurudumu ya kandambili yakiisha, kandambili nyingine zilikuwepo, hata kama mwenyewe alikuwa bado anazivaa. Gari la plastiki la dukani liling'aa siku ya Krismasi, na kufikia Mwaka Mpya lilikuwa limelala chini ya kitanda bila magurudumu.

Na zile mashine za gemu za kuunganisha na televisheni, wacha niwaambie. Nyingi hazikuuawa na watoto, ziliuawa na wajomba. Mjomba anatoka Amerika na zawadi, nyumba nzima imekusanyika, anachomeka ukutani bila kujua umeme wa kule ni nusu ya wetu. Pah, na moshi. Mashine iliyofika kwangu ikinuka samaki aliyeungua, nilijua habari yake kabla mteja hajafungua mdomo. Nilikuwa nauliza tu, "Mjomba hajambo?" Kama transfoma iliungua peke yake, nilibadilisha, mtoto akarudi kucheza. Kama moto ulipita mpaka ndani, nilimwambia mwenyewe ukweli. Kuna mafundi waliokuwa wakikaa na maiti ya mashine miezi mitatu wakisema njoo kesho. Msiwe hao.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Barasa, wa Bungoma. Alikuwa mkali, mdomo wake haukukosa kijiti cha kuchokoa meno, na kwake redio ilikuwa "ledio" mpaka anaingia kaburini. Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha sana nilipokuwa msichana. Kitu chochote chenye macho kikiletwa, mwanasesere au dubu, alikiweka rafu ya juu kikiangalia ukuta. Siku moja tulikuwa na mwanasesere wa mke wa mwalimu, aina ile ya kulia "mama" ukimlaza. Alikuwa amenyamaza, ndiyo maana aliletwa. Ilikuwa adhuhuri, mimi na mzee tunakula mihogo, dukani kimya. Mwanasesere akasema "mama" kule juu rafuni, uso wake ukiwa ukutani.

Mihogo ilinikwama. Mzee Barasa hakushtuka. Aliniambia lori lililopita nje limetikisa rafu, na ndani ya tumbo la mwanasesere kuna kifuko cha hewa kinachosukumwa na kijiwe, kijiwe kilikuwa kimekwama, sasa kimeteleza. Alimshusha, akamfungua, akanionyesha kifuko na kijiwe, yote kama alivyosema. Kisha akamfunga na kumrudisha juu, uso ukutani. Nikamuuliza mbona bado anamgeuza ilhali sababu anaijua.

"Nasimiyu," akasema, "mimi najua imeita namna gani. Sijui inaita nani."

Niliona ni ushamba wa wazee. Niliyabeba maneno hayo mpaka Kitale bila kuyajali.

Sasa niwaambie habari ya gemu ya Ndiema.

Mnazijua zile gemu za matofali? Pengine mama zenu walikuwa nazo. Kitu cha kushika mkononi, kioo kidogo cha kijivu, matofali yanashuka na wewe unayapanga. Miaka ya tisini zilijaa kila mahali, nyingi zikiingilia Lwakhakha, mpakani na Uganda. Kwa kuzitazama ungesema hazimalizi mwezi, plastiki nyepesi kama ganda la yai. Lakini zilidumu kuliko mashine kubwa, na sababu ni rahisi. Nyuma zilikuwa na skrubu, ndani hazikuwa na mambo mengi, na hukuhitaji televisheni wala umeme wa ukutani. Sababu nyingine ni kwamba mchezo wenyewe hauna mwisho. Huwezi kuumaliza, unaweza tu kushindwa ukiwa umefika mbali zaidi ya jana. Zilikuwa na kichwa kidogo pia. Namba kubwa kabisa uliyowahi kufikia ziliikumbuka hata ukizima, ilimradi betri zimo. Ukitoa betri, zinasahau, zinaanza na sifuri kama hujawahi kuwepo.

Mwanamke mmoja alikuja dukani kwangu msimu wa mvua, kutoka upande wa Cheptais, kule mlimani. Sijasahau alivyoitoa gemu ile kwenye kiondo, imefungwa ndani ya sweta ya shule ya mtoto. Aliiweka mezani akaendelea kuishika kwa vidole viwili.

"Fundi, hii kitu inaimba yenyewe," akasema.

Alinieleza polepole. Ilikuwa ya mwanawe wa kwanza, Ndiema, ambaye baba yake alimnunulia huko Lwakhakha. Malaria ilimchukua Ndiema akiwa darasa la sita. Baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele na kugawa vitu vya marehemu, binamu zake walichukua viatu, mpira, hata kalamu, lakini gemu hakuna aliyeitaka. Ikabaki juu ya kabati, imezimwa. Ukungu wa mlimani ulipoanza kushuka asubuhi, ikaanza kuimba. Kawimbo kale ka kufungulia mchezo, mara moja, kisha kioo kinawaka, matofali yanaanza kushuka na hakuna anayeyapanga.

Kilichomleta kwangu ni mumewe. Baba Ndiema alikuwa hajalitaja jina la mtoto tangu kaburi lifunikwe. Gemu ilipoimba mara ya kwanza alitoka nje akasimama kwenye mvua. Sasa alikuwa amesema ikiimba tena ataitia motoni, na Mama Ndiema alimjua mumewe, alijua ataitia kweli. Yeye hakutaka ichomwe, kwa sababu ndani yake kulikuwa na namba ya mwanawe. Alibonyeza akanionyesha: elfu arobaini na nane na mia saba. Mtoto alikuwa amewatangazia nyumba nzima siku aliyoifikia, akaruka mpaka akamwaga maziwa.

"Inyamazishe," akaniambia, "lakini namba isitoke. Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza, aniachie, arudi siku ya soko. Nilisema kwa ujasiri wa fundi. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya wafu kuimba sikuwa nayo.

Kesho yake nilifika dukani mapema. Ukungu ulikuwa umekaa mtaani mpaka mlango wa jirani hauonekani. Nimeingiza ufunguo kwenye kufuli, nikasikia ndani kawimbo kale. Kakaimba mpaka mwisho, kisha ile milio midogo, tik, tik, tik, ya tofali linaposhuka. Nilisimama ufunguo mkononi. Niliogopa, sitawadanganya. Nilisubiri nikidhani nitasikia tofali likigeuzwa, maana kugeuza kuna mlio wake, na huo ukisikika maana yake kuna kidole. Haukusikika. Matofali yalijaa, mchezo ukafa, kukawa kimya. Nilipoingia nilifanya kitu ambacho Mzee Barasa angenicheka. Niliichukua, nikaiweka rafuni ikiangalia ukuta.

Mama Ndiema aliporudi nilikataa kufanya kazi ile akiwa hayupo. Nilimpa kiti. Sasa hapa nifuateni vizuri, hii ni kazi. Huwezi kufungua gemu ile bila kugusa betri, na betri zikitoka, namba imekwenda. Kwa hiyo kwanza nilichomea nyaya mbili ndogo, nyekundu na nyeusi, pale betri zinapogusana na bodi, kile kibao cha ndani kinachopitisha umeme. Nyaya hizo nikaziunga na betri mpya nje, juu ya meza. Hapo ndipo nilipotoa betri za zamani, maana mashine ilikuwa inanyonya kwingine. Mkiwahi kubadilisha kitu chenye kumbukumbu, mpeni chakula kwa mkono mmoja kabla ya kumnyang'anya kwa mwingine. Nilipofungua mgongo, kioo bado kilionyesha ile elfu arobaini na nane. Mama Ndiema alivuta pumzi.

Niliinua mpira wa kitufe cha kuwasha. Chini yake, juu ya bodi, kulikuwa na utando mweupe wenye ukijani pembeni. Nikafurahi, kwa sababu fundi akiona uchafu anafurahi. Nikamweleza: hii ni chumvi. Inatoka kwenye jasho la vidole, inapenya taratibu pembeni mwa kitufe. Kukiwa na jua imelala. Ukungu ukija inavuta maji, na chumvi yenye maji inapitisha umeme, basi bodi inadhani kuna mtu amebonyeza. Hakuna jini wala nini. Nitaifuta kwa spiriti, imekwisha.

Aliitazama kwa muda. Akauliza hiyo chumvi ni ya nani.

Nikasema ni ya aliyekuwa akiicheza.

"Basi ni yeye alikuwa anabonyeza," akasema.

Pamba ilikuwa tayari imelowa mkononi mwangu. Nilimwambia nisipofuta itaimba, na ikiimba itachomwa, yeye ndiye aseme. Akaitikia kwa kichwa. Nilifuta, pamba ikatoka na rangi ya chai hafifu. Nilipotaka kuitupa alinyoosha mkono. Aliifunga pamba ile kwenye pindo la leso yake, akaliingiza kifuani. Nililia baada ya yeye kuondoka, na nilikuwa sijazoea kulilia vitu vya kutengeneza.

Gemu haikuimba tena. Mvua zikaisha, mahindi yakavunwa, kiangazi kikaingia. Nilidhani nimemaliza.

Ndipo akaja mwanamume mrefu, kofia mkononi, mikono mikubwa ya mkulima iliyopasuka. Aliitoa gemu mfukoni, nikaijua kabla hajaniambia yeye ni nani. Baba Ndiema alikuwa amemwona mkewe akiiwasha kila Jumapili kutazama namba, na akaona kioo kinafifia. Akataka kumsaidia. Akafanya tulivyofanya sisi sote: akatoa betri, akazianika juu ya bati zipate jua. Nani kati yetu hakuanika betri za redio juani ili taarifa ya habari isikatike? Alizianika asubuhi nzima. Akazirudisha, akawasha mwenyewe ili amwonyeshe mama watoto. Sifuri.

"Nilikuwa nataka nimfurahishe, fundi," akasema. "Si unaweza irudisha? Kabla hajaona?"

Nilitamani kumdanganya. Nilimwambia namba ile haipo mahali popote tena, haikujificha, imekwenda. Akauliza hakuna njia kabisa. Nikasema iko moja. Mtu aicheze mpaka aifikie.

Alikaa papo hapo kwenye kiti alichokalia mkewe. Mungu wangu, watoto, hamjaona mtu anacheza vibaya namna ile. Kidole chake kimoja kilifunika vitufe viwili. Matofali yalimshinda kabla hajaelewa kuwa mchezo umeanza. Alikuwa akiyaambia, "Ngoja bana, ngoja," kama ng'ombe. Nilicheka mpaka nikageuka upande, naye akacheka, akashangaa kusikia amecheka. Siku za soko akawa anapita kwangu akishamaliza mambo ya mahindi. Nilimfundisha: usiangalie tofali linaloshuka, angalia lile linalofuata. Acha mfereji upande mmoja. Usifukuzane na kasi. Taratibu alianza kuzungumza akicheza. Ndiema alikuwa anauma ulimi akicheza. Ndiema alikuwa anacheza chooni mpaka mama yake anagonga mlango. Kumbe alikuwa na habari nyingi.

Siku moja akaja Mama Ndiema peke yake. Nikaanza kupanga uongo, akanizuia. Alikuwa ameziona sifuri siku ileile, jioni, wakati mumewe amekwenda kukamua. Alilia jikoni ili asisikike. Halafu akasikia mumewe anambonyeza yule mdudu wa gemu nyuma ya ghala, akijifundisha kwa siri.

"Usimwambie najua," akasema. "Siku hizi anamtaja."

Sikumwambia. Mvua zilikuja zikapita. Baba Ndiema alifika elfu kumi na mbili, akafika elfu ishirini na kidogo, hakuikaribia ile namba, na akawa haharakishi tena. Betri hakuruhusu mtu mwingine azibadilishe. Alishuka nazo Kitale kwangu, nichomee nyaya zangu mbili, nimlishe kwa mkono mmoja.

Mara ya mwisho alipokuja hivyo ilikuwa Januari, kiangazi kikali. Vumbi la barabara lilikuwa limekausha midomo ya watu, na karatasi juu ya meza yangu zilijikunja zenyewe. Nilipofungua mgongo nikauinua ule mpira wa kitufe. Utando mweupe ulikuwa umerudi, mwembamba, mpya. Nikamuuliza kama iliimba wakati wa mvua. Akasema iliimba, ukungu ukishuka. Nikamwambia hilo ni jasho lake sasa, nikachukua pamba. Akaushika mkono wangu.

"Hiyo ni yangu?"

"Ni yako, mzee."

"Basi wacha ikae pale ya mtoto ilikaa."

Nikarudisha mpira, nikafunga skrubu zote, nikatia betri mpya, nikaizima, nikakata nyaya. Nikaiweka katikati ya meza, mbali na mkono wake na mbali na wangu. Alikuwa anatafuta kofia yake.

Ikaimba.

Kawimbo kote, mpaka mwisho. Kioo kikawaka, tofali la kwanza likaanza kushuka. Nilitazama hewani kana kwamba nitaona ukungu. Hakukuwa na unyevu hata wa kulowesha stempu. Nilitafuta lori, halikupita. Nikatafuta kichwani kila kitu alichonifundisha Mzee Barasa, kila kifuko na kila kijiwe. Yeye alijua mwanasesere ameita namna gani, hakujua anaita nani. Mimi nilikuwa nimekaa pale, najua vizuri sana nani anaitwa, ila ameitwa namna gani sikujua.

Kisha nikausikia ule mlio mwingine, wa tofali kugeuzwa.

Baba Ndiema hakutafuta sababu. Aliichukua kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso, na kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyeitwa kutoka upande wa pili wa shamba, akaitikia, "Niko hapa, Ndiema."